Nilivyouza marejeleo ambayo sikuwahi kuyafungua

Wacha nianze kwa kukiri, maana nikianza na mawaidha mtanipita kama matatu ya Kitale iliyojaa.

Kwa karibu miaka mitatu nimekula pesa za insha za watu. Nilikuwa nawaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za chuo, nyingi zikiwa za uuguzi, nikiwa papa hapa Likuyani, kwenye chumba cha mabati nyuma ya nyumba ya mama, magunia ya mahindi upande mmoja na laptopu upande wa pili. Mteja simjui, naye hanijui. Oda inaingia saa nne usiku, inatakiwa kabla ya jogoo kuwika. Kurasa sita, marejeleo manane, yote yawe ya miaka mitano ya karibuni. Ukimaliza unalipwa. Ukichelewa unakatwa. Stima ikipotea, hiyo ni shida yako.

Sikuwa peke yangu, na nyinyi mnajua. Kijana yeyote wa rika langu aliyepanga chumba karibu na chuo, iwe Eldoret au Nairobi, ana rafiki aliyelipa kodi kwa kazi hii. Mwaka 2024 ilitoka hadi filamu, The Shadow Scholars, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, anawatafuta waandishi kama sisi na kuzungumza nao. Kwa hivyo siri imeshatoka.

Kama kazi yenyewe ni halali au haramu, hilo ni la siku nyingine. Leo nataka tuongee kuhusu kile kitu kinachokaa mwisho wa insha, ambacho karibu hakuna mtu husoma: marejeleo. Na hasa marejeleo ya dawa. Maana kuna siku mbili ambazo marejeleo yalinigeuka. Ya kwanza iliniaibisha nikiwa peke yangu chumbani. Ya pili ilimwangukia mdogo wangu.

Kwanza nikueleze tulivyokuwa tunafanya. Mtu wa nje anadhani unasoma, kisha unaandika, kisha unataja ulichosoma. Ha! Sisi tulikuwa tunaandika kwanza. Sentensi ikishakaa vizuri, ndipo unatafuta wa kumsingizia. Umeandika kwamba dawa fulani inapunguza presha? Sawa, tafuta makala yenye jina la hiyo dawa na neno presha kwenye kichwa, chukua majina ya waandishi, weka mwaka, weka mabano. Hujaifungua. Pengine huwezi hata kuifungua, kwa sababu jarida linataka dola thelathini na wewe umelipwa kumi na mbili. Unasoma muhtasari, ukibahatika. Usipobahatika unaenda kwenye insha ya mtu mwingine, unashuka hadi chini, unavuna orodha yake yote kama mtu aliyeingia shamba la jirani usiku.

Kwa upande wa mitindo nilikuwa fundi kweli. APA toleo la saba nilikuwa nimelijua kama sala. Vancouver vilevile, ule mtindo wa namba uliotokana na mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba mwaka 1978. Nilijua Mmarekani haiiti parasetamoli kwa jina hilo. Kwake ni asetaminofeni. Salbutamoli, ile ya pampu ya pumu, kwake ni albuteroli. Adrenalini ni epinefrini. Nilijua ukichanganya majina hayo msomaji anaweza kudhani ni dawa mbili, na mgonjwa akapewa dawa moja mara mbili. Nilikuwa najua mambo mengi, jamani. Kitu kimoja tu sikuwa nafanya: kusoma.

Sasa siku ya kwanza. Niliandika insha ya uuguzi kuhusu kutuliza maumivu baada ya upasuaji. Mteja alitaka ielezwe kwamba muuguzi asiogope kupita kiasi kumpa mgonjwa dawa kali za jamii ya afyuni. Nilihitaji sentensi ya kusema kwamba uraibu hutokea kwa nadra, na oda ilikuwa imeruhusu chanzo kimoja cha zamani. Nikavuna kutoka orodha ya mtu: Porter na Jick, 1980, New England Journal of Medicine. Jina zito, jarida zito. Nikabandika, nikalipwa, nikanunua kuku siku hiyo.

Miezi kadhaa baadaye ikaja oda nyingine: eleza janga la dawa za maumivu Marekani lilianzaje. Nikaanza kutafuta, nikakutana tena na wale wawili, Porter na Jick. Safari hii walikuwa wametajwa kama sehemu ya tatizo. Moyo ulipiga. Nikaifungua ile kazi kwa mara ya kwanza, na kuisoma hakukuchukua hata dakika moja, kwa sababu haikuwa utafiti kamili. Ilikuwa barua kwa mhariri. Sentensi tano tu.

Barua yenyewe haidanganyi. Inasema waliangalia kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa hospitalini, wakapata 11,882 waliopewa angalau dozi moja ya dawa hizo, na kati yao wanne pekee ndio waliothibitishwa kupata uraibu bila kuwa na historia ya uraibu kabla. Basi. Watu waliolazwa, wakiwa chini ya macho ya daktari na muuguzi. Haisemi lolote kuhusu mtu anayepewa chupa ya vidonge aende kumeza nyumbani miezi na miezi kwa sababu ya mgongo. Lakini watu walivyoinukuu ni kana kwamba imesema.

Mwaka 2017 watafiti wa Canada walikaa chini wakahesabu. Walikuta barua ile imenukuliwa mara 608. Asilimia 72 ya walioinukuu waliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra. Na asilimia 80 na ushee hawakutaja hata kwamba wale wagonjwa walikuwa wamelazwa hospitalini. Jarida lenyewe likaongeza onyo juu ya barua hiyo kwenye mtandao wake, kumwambia msomaji kwamba imenukuliwa sana bila kuchunguzwa.

Sentensi tano, marejeleo 608. Kila mmoja alimwamini aliyemtangulia. Ni kama uvumi wa sokoni Matunda: ukimuuliza huyu, amesikia kwa yule, na yule amesikia kwa huyu, na hakuna aliyekuwepo. Tofauti ni kwamba uvumi huu ulikuwa umevaa suti ya chuo kikuu. Mimi sikuhesabiwa katika hao 608, insha za kuuza hazihesabiwi. Lakini nilikuwa kwenye foleni ileile, na nilijua.

Je, niliacha? Hapana. Nilifunga laptopu, nikaenda kulala, kesho yake nikachukua oda nyingine. Aibu ya peke yako haina uzito sana.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa na uzito.

Mdogo wangu anasomea uuguzi. Chuo sitakitaja, hospitali aliyokuwa akifanyia mazoezi pia sitaitaja, maana kosa halikuwa lao. Lilikuwa langu. Alipewa kazi ya kuandika ripoti ya mgonjwa mmoja, mtoto aliyekuwa na malaria kali. Jina la mtoto haliandikwi. Unaandika umri, dalili, dawa alizopewa, kisha unaeleza kwa nini alipewa hizo, na kila maelezo ya dawa lazima yawe na chanzo. Aliniandikia jioni moja: "Kaka, wewe si ndiye bingwa wa marejeleo? Nisaidie hapa kwa matibabu, kesho asubuhi nawasilisha."

Nilikuwa na oda mbili za haraka. Kwenye rafu ya mama kuna kitabu cha tiba alichotuachia marehemu khotsa, yaani mjomba wetu wa upande wa mama, aliyekuwa afisa wa kliniki. Kitabu kinene, kurasa za mbele zimeng'oka zamani. Nikakifungua kwenye malaria kali, nikapiga picha ukurasa, nikamtumia. Ukurasa ulisema wazi: malaria kali, dawa ya kwanza ni kwinini kwa dripu. Nikamwandikia na rejeleo lake, limekaa vizuri kabisa kwa mtindo wa chuo chao. Mwaka haukuwepo, maana ukurasa wenye mwaka ndio ulikuwa umeng'oka. Mwalimu wao alitaka vyanzo vipya. Basi mimi nikaweka 2018.

Soma hapo tena. Nikaweka 2018. Sikuhangaika hata kidogo. Mkono ulishazoea.

Mtoto yule hospitalini alikuwa amepewa sindano za artesuneti. Mdogo wangu, akiwa na ukurasa wangu mkononi, akaandika kwenye ripoti yake kwamba matibabu hayakufuata kitabu, kwamba mtoto alipaswa kuanza na kwinini. Na akaweka mabano, na mwaka 2018 ndani ya mabano.

Mwalimu wake alimwita. Hakumpigia kelele. Alimuuliza swali moja tu: "Hiki kitabu ni cha mwaka gani?" Akasema 2018. "Kilete." Hangeweza kukileta, kiko Likuyani kwenye rafu, hakina kurasa za mbele. Mwalimu akamwambia kwamba kuandika jambo lililopitwa na wakati ni kosa la mwanafunzi na hurekebishwa, lakini kubuni mwaka ni jambo lingine, na linaweza kumpeleka mbele ya kamati. Mdogo wangu alilia njiani hadi nyumbani. Na kitu kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakunitaja. Alisema ni yeye.

Alipofika Ijumaa hiyo, hakunisalimia. Aliweka mkoba chini akaniambia, "Kaka, kumbe hujui hata kinachosemwa kuhusu hii dawa." Nikajitetea, ati kitabu kilikuwa cha khotsa na khotsa alitibu watu eneo hili lote. Akasema, "Khotsa alitibu kwa kile kilichojulikana wakati wake. Soma." Akanipa simu.

Nikasoma. Safari hii hadi mwisho.

Kulikuwa na utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi tisa za Afrika, kuanzia 2005 hadi 2010, kulinganisha sindano ya artesuneti na kwinini kwa watoto wenye malaria kali. Ulichapishwa katika The Lancet mwaka 2010. Watoto 5,425. Sehemu mojawapo ilikuwa Kilifi, hapa kwetu Kenya. Nyingine Muheza na Korogwe kule Tanzania, na Mbarara kule Uganda. Walipewa dawa kwa kura, nusu hivi na nusu hivi. Katika kundi la kwinini walikufa watoto 297. Katika kundi la artesuneti walikufa 230. Mwaka uliofuata, 2011, Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake kwa watoto wa Afrika: artesuneti mbele, kwinini ikabaki ya akiba pale artesuneti inapokosekana.

Toa 230 kwenye 297. Watoto 67. Huo ndio ukubwa wa ile tofauti niliyoifunika nilipoandika 2018 juu ya kitabu cha zamani.

Na kitabu hakikudanganya. Hilo ndilo lililonikaa kichwani. Kilisema ukweli wa wakati wake. Ukurasa wa pili wa malaria kilikuwa bado kinaisifu klorokwini, dawa ambayo Kenya iliacha kuitumia kama ya kwanza mwaka 1998, ikaingia Fansidar na ndugu zake, kisha nayo ikapishwa na mseto wa artemeta na lumefantrini, uliokubaliwa 2004 na kuanza kusambazwa vituoni 2006. Malaria ni ileile, mbu ni yuleyule, na katika miaka isiyofika kumi dawa ya kwanza ilibadilika mara mbili. Kwa habari za dawa, mwaka ni sehemu ya maana. Rejeleo lisilo na mwaka wa kweli ni kama pakiti ya dawa iliyofutwa tarehe ya mwisho. Huwezi kumpa mtu.

Tulikuwa tunabishana hivyo sebuleni, mama akitenga ugali, akatuuliza, "Na ile Kemron, nayo ilikuwa imeandikwa?"

Tukanyamaza. Sisi wa kizazi hiki wengi hatuijui Kemron, kwa hivyo acha nieleze. Mwaka 1990 mama alikuwa msichana wa shule. Ukimwi ulikuwa umeingia na hakukuwa na matumaini. Rais Moi akatangaza kwamba watafiti wa KEMRI, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa tiba, wamepata dawa: interferoni kwa kiasi kidogo sana, unaiyeyusha mdomoni. Mama anakumbuka redio. Anakumbuka watu wazima wakishukuru Mungu kwa sauti. Watu walitoka hadi ng'ambo kuja kuitafuta.

Na ndiyo, mama, ilikuwa imeandikwa. Ilichapishwa mwaka huohuo katika East African Medical Journal, jarida linaloheshimika. Dakta Davy Koech, aliyekuwa mkurugenzi wa KEMRI, na mwenzake Arthur Obel waliripoti kwamba wagonjwa walipata nafuu kubwa, na wengine hata vipimo vyao viligeuka. Lakini ukisoma jinsi kazi ilivyofanywa, unaona pengo: hakukuwa na kundi la kulinganisha, watu wanaopewa kidonge kisicho na dawa ili tujue nafuu imetoka wapi. Wengine walipojaribu kwa kulinganisha, hawakuuona ule muujiza. Uganda walifanya jaribio la namna hiyo, mgonjwa hajui anapewa nini na daktari naye hajui, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2000: hakuna faida iliyoonekana.

Kwa hivyo mwanafunzi akiandika leo "Kemron hutibu Ukimwi" na kuweka rejeleo la 1990, rejeleo lake ni la kweli kabisa. Jarida lipo, kurasa zipo, majina yapo. Na sentensi yake bado ni ya uongo. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna mtindo wa marejeleo utakaokufundisha, uwe APA au Vancouver. Mabano yanaonyesha kwamba mtu fulani amesema. Kama alisema kweli, na kama bado ni kweli, hiyo kazi imebaki kwako.

Mama alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Sasa mnaona kwa nini mimi hukwangua stika." Tukacheka, lakini alikuwa amemaliza mjadala. Watu wa Likuyani mnaelewa. Msimu wa kupanda ukifika, mama haingii duka la pembejeo akabeba tu pakiti ya mbegu kwa sababu imeandikwa 614. Anatazama stika ya KEPHIS, anakwangua, anatuma zile namba kwa simu, anangoja jibu hapo hapo kaunta, hata foleni ikinung'unika. Alishawahi kupanda mbegu bandia, mahindi yakatoka kama nyasi. Kwake kukwangua si dharau kwa mwenye duka. Ni njaa ya mwaka mzima anaikwepa.

Basi marejeleo ni hiyo stika. Na sisi wasomi wa mabano tumekuwa tukibandika stika bila kukwangua.

Sasa wewe unayesomea uuguzi, ufamasia au tiba, au unayeandika tu kuhusu dawa kwenye mtandao kama mimi, nikupe yale ambayo mdogo wangu alinifundisha kwa hasira.

Fungua chanzo chenyewe. Ukikuta jambo katika makala ya pili inayosema limetoka makala ya kwanza, nenda kwa ya kwanza. Ukishindwa kabisa kuipata, sema ukweli: andika kwamba umeipata kupitia ile ya pili. Mitindo mingi inaruhusu hivyo. Si aibu. Na kabla hujasema huna pesa, PubMed ni bure kutafutia, na makala nyingi sasa ziko wazi. Vyuo vingi vya nchi kama yetu vinaweza pia kuingia kwenye majarida kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002. Muulize mkutubi. Mimi miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza mkutubi yeyote chochote.

Jua kila chanzo kinaweza kubeba nini. Kile kijikaratasi kilichokunjwa mara nane ndani ya pakiti, ambacho sisi huwashia jiko, ni chanzo halali: kimeandikwa na mtengenezaji na kupita kwa mamlaka ya dawa, ambayo kwetu ni Bodi ya Famasia na Sumu. Kinafaa kwa kipimo, madhara na onyo. Vya Marekani vinapatikana bure kwenye DailyMed ya Maktaba yao ya Taifa ya Tiba. Lakini usitumie kijikaratasi cha kampuni kuthibitisha kwamba dawa ya kampuni hiyo ni bora kuliko ya jirani. Hapo unahitaji utafiti uliolinganisha. Na ukitaka kusema Kenya inatumia dawa gani, usichukue mwongozo wa Uingereza. Kuna Orodha ya Dawa Muhimu ya Wizara ya Afya, iliyotolewa upya 2023, na kuna miongozo ya ugonjwa mmoja mmoja.

Andika jina la dawa yenyewe kabla ya jina la biashara. Panadol ni jina la dukani, parasetamoli ndiyo dawa. Na ukurasa wa mtandao unaobadilika, weka siku uliyousoma, maana kesho unaweza kuwa na maneno mengine.

Tena, tazama kama kazi imeondolewa. Mwezi Mei 2020, wakati wa korona, The Lancet ilichapisha makala kuhusu haidroksiklorokwini iliyosema inatokana na wagonjwa zaidi ya 96,000. Shirika la Afya Duniani likasimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Wiki mbili hazijaisha, Juni 4, makala ikaondolewa, kwa sababu data yake haikuweza kuthibitishwa. Ukipakua faili siku ya kwanza ukaiweka kwenye simu, simu haitakuambia. Lazima urudi kutazama.

Na hii mashine ya kuongea, sijaisahau. Tangu mwisho wa 2022 ndiyo imekula ile kazi yetu. Nimeijaribu. Nikaiomba marejeleo matano kuhusu dawa moja ya presha. Ikaniletea matano, yamepangwa vizuri kuniliko mimi. Mawili hayakuwepo popote duniani. Moja lilikuwepo, lakini lilihusu panya. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana nilijiona. Kuandika sentensi kwanza kisha kutafuta wa kumsingizia, kuweka mwaka unaopendeza: mashine haikubuni tabia hiyo. Mimi nilikuwa naifanya kwa mkono.

Mdogo wangu hakupelekwa mbele ya kamati. Wiki iliyofuata nilipanda matatu hadi chuoni kwao, nikamwona mwalimu, nikamwambia nani aliandika 2018. Alinitazama kwa muda, akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia. Hakusema kitu, akampa mdogo wangu siku tano aandike upya. Aliandika mwenyewe, mimi nikamletea chai tu. Kwenye sehemu ya matibabu aliweka mwongozo wa Kenya, akaweka na ule utafiti wa 2010, na chini ya sentensi akaongeza kwa mkono wake kwamba vitabu vya kabla ya hapo vinataja kwinini na kwa nini vinaitaja. Alimtetea khotsa, mnaona.

Zile insha nyingine sina namna ya kuzirudisha. Yule mteja wa dawa za maumivu huenda alishamaliza chuo, amevaa sare, yuko wodi fulani usiku huu, na pengine anakumbuka kwamba aliwahi kuandika, kwa rejeleo kutoka jarida zito, kwamba uraibu ni nadra. Hajui niliivuna wapi. Mimi sijui yuko wapi. Hakuna anwani ya kumtumia masahihisho.

Kwa hivyo nimeacha ile kazi, na nikiandika kuhusu dawa hapa, mnanijua, nachelewa. Mkinisumbua kwa nini sijaandika wiki mbili, ni kwamba nasoma. Na mkiona nimetaja jambo na hamjaona nilikolitoa, niulizeni kama mwalimu yule: hicho kitabu ni cha mwaka gani? Nikishindwa kukileta, msiniamini.